Ukurasa wa Rajabu

"Mama Hadia, hilo sanduku ukilifufua litakuambia nini ambacho Mwangwi hajakuambia?"

Jirani yangu Mama Shani aliniuliza hivyo siku moja, amesimama barazani kwangu na ungo wa karanga mkononi. Mimi nilikuwa nimekaa mkekani, kompyuta ya marehemu mume wangu iko mbele yangu wazi ubavu mmoja, bisibisi nimeibana kwa meno. Nilicheka kwa pua, naye akaendelea kupeta karanga zake. Hakuuliza kwa ubaya. Mwangwi aliye nyumbani kwake ni wa Shani mwenyewe, binti yake aliyekufa kwa homa akiwa na miaka kumi na tisa, na kila asubuhi nikifagia uwanja huwasikia ng'ambo ya ukuta wakibishana juu ya chumvi ya mboga. Mtu mwenye neema hiyo vyuma vya zamani atavitakia nini?

Kwangu pia Mwangwi alikuwapo. Alikaa juu ya kabati la vyombo, kijisanduku cheupe kisichozidi bakuli la uji, na ndani yake sauti ya Mrisho wangu, karani wa stesheni ya Tabora kwa miaka thelathini na mmoja. Nikimtolea salamu anaitikia, na kikohozi chake kilekile kinatangulia. Alinikumbusha dawa ya presha. Alinikosoa nikikosea aya, kama alivyokuwa akinikosoa alipokuwa hai. Aliyemwandaa ni mwanangu Hadia, maana ndiyo kazi yake. Ana leseni ya Ofisi ya Miangwi. Mtu akifa, mwandaaji hukusanya kila alichoandika na kila alichosema mbele ya chombo chochote, akamlisha Mwangwi, na Mwangwi akajifunza kuwa yeye. Sheria ya waandaaji ni moja: usiongeze, usipunguze. Kwa ajili ya sheria hiyo Mwangwi akiulizwa mbele ya kadhi au hakimu neno lake hupokelewa.

Kompyuta ile ndiyo iliyokuwa mapenzi ya Mrisho. Mashine ya nyumbani ya zama za babu zetu, nzito kama kreti la soda, kibodi yake imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Haikuunganishwa na Anga, mtandao wa siku hizi. Haikusikia watu wakizungumza, wala haikujibu. Kila alasiri akitoka kazini aliifungua, akabadilisha hiki, akaongeza kile, na mimi nikamshikia tochi. Wiki aliyofariki, umeme ulikatika ukarudi kwa kishindo; ikatoa harufu ya kuungua, ikafa kama mwenyewe. Niliifunika kanga, ikakaa miaka minne na ushei.

Nilipoifunua, sikuwa natafuta kitu. Mikono yangu ilitaka kazi, basi. Na kumbe nilikuwa nimejifunza mengi kwa kushika tochi tu. Kapasita saba za boksi la umeme zilikuwa zimevimba vichwa kama maandazi. Nilizing'oa moja moja nikachomelea mpya kwa risasi, na mara mbili nikajiunguza kidole. Fundi Barnaba wa redio, aliye karibu na soko, alinipa kadi mbili za kumbukumbu alizozitoa kwenye mzoga wa mashine nyingine, akanifundisha kuzisugua meno yake ya shaba kwa kifutio cha penseli mpaka zing'ae. Alisema mashine ya Mrisho ilikuwa na kumbukumbu kiduchu, ndiyo maana ilikuwa ikikwama akifungua faili kubwa. Kadi hizi zitaiongezea pumzi mara nne.

*

Sasa lazima niseme habari ya Sikudhani.

Sikudhani binti Athumani alikuwa mke mwenzangu miaka sita. Mwezi wa Mfungo Saba Mrisho alimwacha talaka moja, ikaandikwa. Talaka ya namna hiyo mume anaweza kumrejea mkewe kwa maneno ya kinywa chake, almuradi eda ya mke haijaisha, na eda ya Sikudhani ilikuwa iishe mwisho wa Rajabu. Mrisho aliniahidi kuwa hatamrejea. Aliniahidi tukiwa tunakula, mkono wake ungali sahanini. Rajabu ikaisha, Ramadhani ikapita, na Mfungo Mosi akafariki.

Miezi miwili baadaye, nikiwa ndani kwa eda yangu ya kufiwa, Sikudhani akaja na tumbo la miezi minne. Akasema yeye ni mjane kama mimi. Mrisho, alisema, alimrejea kwa ulimi wake katika mwezi wa Rajabu, mlangoni pake, na shahidi hakuwapo.

Kwa kuwa sikuweza kutoka, Kadhi Muhidini alikuja nyumbani. Mimi nilikaa nyuma ya pazia, Hadia ubavuni pangu. Mwangwi akawekwa mezani, bado mpya, hana hata vumbi. Kadhi akamuuliza kama alimrejea Sikudhani. Mwangwi akakohoa, akasema, "Sikumrejea." Kipimo cha damu kilikuwa kimekwisha sema kuwa mimba ni ya Mrisho, lakini kadhi akasema damu si ndoa, na mimba hii imeingia baada ya eda kwisha. Kisha akanigeukia mimi niliye nyuma ya pazia. Akaniuliza kama najua lolote juu ya rejea.

Swali lilikuwa hilo tu, kama najua. Ningesema sijui, ningekuwa nimesema kweli tupu. Lakini nilimsikia Sikudhani akivuta makamasi upande wa pili wa pazia, na kiburi cha mke mkubwa kikanipanda kooni. Nikasema, "Wallahi, hakuna rejea. Mume wangu hanifichi neno."

Hadia alinishika mkono nilipokuwa naapa. Nakumbuka mkono wake ulivyokuwa baridi. Nilidhani ni huruma.

Mtoto alizaliwa, wa kike, akaitwa Tunu. Chuoni anakosomea Kurani, kila mtoto huitwa kwa jina la baba yake, na mwalimu akisoma orodha, yeye huitwa Tunu wa Sikudhani. Watoto wenzake hawahitaji kuelezwa.

*

Mashine iliwaka Jumanne baada ya adhuhuri. Feni ilizunguka, diski ikanguruma tumboni, halafu maandishi yakapanda kwenye skrini, meupe juu ya weusi. Nilimshukuru Mungu nikakaa pale pale chini.

Kitu cha kwanza iliniuliza tarehe. Betri ya saa yake ilikuwa imekufa tangu enzi za Mrisho, na kila ikizimwa husahau ni lini, ikirudi hudhani ni tarehe mosi Januari mwaka elfu mbili. Mrisho alikuwa akiitania kwa hilo. Hakununua betri nyingine. Aliamua kuandika tarehe ya mwezi mwandamo kwa mkono wake juu ya kila ukurasa, na akasema hiyo ndiyo saa isiyokwisha betri.

Faili lilikuwa moja tu lenye maana, jina lake SHAJARA. Ndilo lile zito lililokuwa likiikwamisha mashine. Kwa kadi za Barnaba lilifunguka kama mlango uliopakwa mafuta. Siku baada ya siku, hakuruka hata moja: bei ya kapasita, treni iliyochelewa, hadithi ya mzigo uliopotea, mimi nimepika nini. Nilisoma nikicheka peke yangu. Nilisoma mpaka Rajabu.

Aliandika hivi:

"Jumatatu, mwezi 11 Rajabu. Adhuhuri nimekwenda kwa Sikudhani, nikamwambia, Nimekurejea katika ndoa yangu. Akalia. Sijui nitamwambiaje Nyamizi, nitatafuta siku. Alasiri nimeweka feni mpya, ile ya zamani imezidi kelele. Nyamizi kashika tochi. Yuko saumu na mkono unamtetemeka. Nimemwambia akapumzike, kakataa."

Niliisoma mara tatu. Kisha nikaangalia feni ile, ilivyokuwa ikizunguka mbele yangu. Siku ile naikumbuka. Nilikuwa na njaa, na jasho lilikuwa likinidondoka kwenye mkono wa gauni, na nilikataa kupumzika kwa kuwa nilipenda kukaa karibu naye anapofanya kazi. Alikuwa na skrubu mbili mdomoni. Kumbe saa mbili tu kabla ya hapo kinywa hicho kilikuwa kimesema maneno yale kwenye mlango mwingine. Akarudi kwangu. Akaniambia nielekeze mwanga kushoto kidogo.

*

Nilimwendea Mwangwi kabla sijamwendea mtu. Nilitawadha kwanza, sijui kwa nini.

"Baba Hadia," nikamwambia, "ulimrejea Sikudhani?"

Akakohoa. "Sikumrejea, Nyamizi. Ningemrejea ningekuambia."

Nikamsomea ukurasa wote, tarehe, feni, tochi, pole pole kama mtoto anayesomea mtihani. Akakohoa tena.

"Kama nimeandika hivyo," akasema, "basi nilimrejea."

"Tangu lini?"

"Tangu tarehe kumi na moja Rajabu. Nisamehe, mke wangu. Nilikuwa natafuta siku ya kukuambia."

Sauti ilikuwa ileile, na majuto ndani yake yalikuwa yaleyale aliyokuwa nayo akivunja kikombe. Nilirudi nyuma hatua moja. Maana dakika moja iliyopita alikuwa na uhakika vilevile wa neno lililo kinyume. Hakuwa anasema uongo, masikini. Palipokosekana ukurasa, alipaziba kwa kile ambacho mtu kama Mrisho angekisema. Na mimi kwa miaka minne nilikuwa nikimwaga moyo wangu mbele ya kitu kinachojaza mapengo.

Niliuchomoa waya wake. Kisha nikamtumia Hadia salamu aje Ijumaa.

*

Alikuja baada ya swala, na samaki wa kukaanga kwenye kifuko, kama desturi yake. Aliiona kompyuta inawaka juu ya meza akasimama. Hakuuliza imewakaje. Alitazama skrini tu, na nilipouona uso wake, sikuwa na haja ya kuuliza kama anaujua ukurasa ule. Niliuliza kwa nini.

Hadia hakukana. Kwa hilo namshukuru. Alikaa kwenye kigoda akaniambia kwamba alipoitoa diski na kuisoma ofisini, mimi nilikuwa katika wiki ya pili ya eda, sili, sinywi, na kitu pekee nilichokuwa nikikirudia ni kwamba baba yake hakunificha neno. Aliusoma ukurasa wa Rajabu akaona utanimaliza. Akauacha nje. Alikusudia kuurudisha nikipata nguvu, maana wakati huo hakujua kama Sikudhani ana mimba, na hakujua kama kadhi atakuja. Baadaye ikawa hauna tena njia ya kurudi.

"Sikuongeza hata neno moja, Mama," alisema. "Nilipunguza ukurasa mmoja."

"Na diski ukairudisha hapa."

"Kuifuta sikuweza. Ni maandishi ya Baba. Nikajua mashine imeungua, haitawaka tena."

Nikamwambia hayo yote nayaelewa. Mtoto anaweza kumwonea mamaye huruma mpaka akakosea njia. Jambo moja halikuniingia. Nikamuuliza, "Siku ya kadhi ulikuwa umekaa ubavuni pangu. Ulinisikia naanza kuapa. Ulinishika mkono. Kwa nini hukunishika mdomo?"

Alilia. Nilimwacha alie, sikumgusa. Alipotulia alianza kuzungumza kama mtu wa ofisi, na hapo ndipo nilipoona uzito wote alioubeba. Yeye peke yake ameandaa Miangwi mia tatu na kumi. Ikijulikana kuwa alipunguza mmoja, atapokonywa leseni na kushitakiwa, hilo yuko tayari. Lakini Ofisi itaizima yote mia tatu na kumi mpaka kila mmoja ukaguliwe upya, na ukaguzi ni miaka. Pamoja na Shani wa ng'ambo ya ukuta. Akaniuliza kama nitaweza kumtazama Mama Shani asubuhi ya kwanza atakayosalimia kabati lisiloitika. Akasema pia kwamba mashine ina saa mbovu, inadhani ni mwaka elfu mbili, na tarehe iliyoandikwa kwa mkono mtu yeyote anaweza kuitilia shaka. Ukurasa ule peke yake haujitoshi.

"Haujitoshi," nikakubali. "Lakini shahidi wa tarehe yupo. Jumatatu ile nilikuwa saumu, nimeshika tochi, na feni ilifungwa mbele yangu. Mimi ndiye ninayeijua siku ile."

"Kwa hiyo utanitaja mimi."

"Mwanangu, mlinifanya niape uongo, wewe na baba yako, kila mmoja kwa wakati wake, na kila mmoja kwa kunipenda. Nifanye nini na mapenzi hayo? Kafara ya kiapo nitafunga, siku tatu si kitu kwangu. Lakini nikifunga hata mwaka, Tunu hapati jina."

Alisema mtoto ana miaka minne tu, atasahau. Nikamwambia mimi nina miaka sitini na miwili na bado nakumbuka nilivyoitwa chuoni. Samaki walipoa kwenye kifuko chao. Alikaa nami mpaka magharibi, tukaswali pamoja, na katika sujudu nilimsikia akitaja jina langu.

*

Jumamosi nilikwenda kwa Kadhi Muhidini. Amezeeka sasa, anasoma kwa kukaribiza macho. Nilimwonyesha ukurasa, nikamweleza habari ya tochi na feni, nikamtajia aliyeuacha nje na sababu yake. Alivuta tasbihi yake punje moja moja. Kisha akasema Jumatatu atalifungua shauri upya na Ofisi itaarifiwa siku hiyohiyo. Lakini Sikudhani asipate habari kwa karatasi ya baraza. Kiapo kilitoka kinywani mwangu, na habari itoke humohumo.

Nilirudi nyumbani nikampitia Mama Shani. Nilitaka kumwambia. Alikuwa anamsomea binti yake barua ya shangazi, wanacheka wote wawili. Nilisimama mlangoni nikasema nimekuja kuazima kinu. Akanipa. Kinu chenyewe sikukitumia.

Jumapili alasiri nikaipakia kompyuta kwenye bajaji, nimeifunga kwa blanketi, mimi nimeikumbatia isigonge. Sikudhani anakaa pembezoni, karibu na wauza nta. Anachuja asali, wenyeji na wageni wa mjini hununua kwake kwa kuwa haichanganyi na maji. Nilimkuta mbele ya beseni, kitambaa cheupe kimetandazwa juu yake, asali inashuka uzi mmoja mwembamba. Tunu hakuwapo, alikuwa chuoni.

Aliponiona hakushangaa, wala hakuinuka. "Karibu, Bi Mkubwa," alisema. Jina hilo hajaniita tangu siku ya pazia. Akanisogezea kigoda kwa mguu kwa kuwa mikono ilikuwa na asali.

Nilimwambia nimeleta kitu cha kusoma. Nikaichomeka mashine kwenye umeme wake, tukasubiri. Ilichukua muda wake wa kuwaka, inanguruma, na sisi tumekaa wanawake wawili wa mtu mmoja tukiitazama kama tunaosubiri maji yachemke. Iliniuliza tarehe, nikaipa. Nikafungua ukurasa wa Rajabu, nikasogea pembeni.

Alisoma amesimama, ameinamia mbele, mikono ameiweka mbali na nguo. Midomo yake ilikuwa ikitembea. Alipofika mahali fulani alisimama akarudi juu, akasoma tena. Nadhani ni pale palipoandikwa "Akalia".

Nilimweleza mengine yote kwa mpangilio: Hadia na diski, Mwangwi aliyejibu asilolijua, na kadhi wa kesho. Nikamwambia kesho jioni Tunu atakuwa Tunu binti Mrisho, na yeye atahesabiwa mjane tangu siku ile aliyofiwa. Nikamwambia nimekuja kumwomba radhi.

Alifuta vidole kimoja kimoja kwenye kitambaa.

"Siku ile ulijua?"

"Sikujua," nikamwambia. "Naapa kwa..."

Nikajikata.

"Hukujua," alisema Sikudhani, taratibu, kama anayepima. "Na bado uliapa."

Nina umri wa kutosha kujua majibu mengi, na nilikuwa nimeyapanga njia nzima ndani ya bajaji: kiburi, uchungu, upweke wa eda, mkono wa mwanangu. Yote yalikuwa kweli, na hata moja halikuwa jibu.

Alinawa mikono kwenye kopo, akaikausha. Akavuta ushungi uliokuwa kwenye msumari, akaufunga mbele ya kioo kidogo, bila haraka. Akalifunika beseni ili nzi wasiingie katika asali. Saa ya watoto kutoka chuoni ilikuwa imekaribia. Alinipita nilipokaa, nikasikia harufu ya nta kwenye nguo zake, akafungua mlango akatoka kwenda kumpokea Tunu.